Michikichi ya Jengka na mawese ya mama

Mafuta ya kula yakipanda bei tu Bongo, lazima atokee mtu aseme "Malaysia walikuja kuchukua mbegu Kigoma, leo wanatuuzia sisi". Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, nimeisikia mpaka kwa mwalimu wangu wa jiografia. Na mi ni mtu wa Ujiji, mama kauza mawese toka nipo mgongoni, alikuwa anayafuata Mwandiga na ndoo zake anakuja kuyapima chupa chupa sokoni, kwa hiyo hiyo stori nilikuwa naiamini na inaniuma kabisa, kama vile waliingia uani kwetu wakachuma.

Halafu nikapata nafasi ya kusoma chuo kimoja pale Gombak, nje kidogo ya Kuala Lumpur, na Idi ya mwaka 2015 rafiki yangu wa hosteli, binti wa Kimalay, akaniambia huwezi kubaki hosteli peke yako sikukuu, twende kwetu. Wao wanaita balik kampung, kurudi kijijini, na ukitaka kujua Wamalay wengi wa mjini ni watu wa juzi tu mjini angalia barabara zao siku mbili kabla ya Idi, jiji linahama, foleni inaanzia kwenye geti la barabara ya kulipia mpaka sijui wapi, watu wamebeba mapazia mapya na makopo ya biskuti. Sisi tulikuwa tunaenda Jengka, mkoa wa Pahang. Na kuanzia tulipoiacha barabara kuu sikuona kitu kingine dirishani zaidi ya michikichi. Kushoto michikichi, kulia michikichi, mlima wa michikichi, bonde la michikichi, imepangwa mistari kama mtu kachora na rula. Nilinyamaza muda mrefu. Rafiki yangu akadhani naumwa na gari.

Niseme la mbegu kwanza nilitue, maana nimelifuatilia sana. Asili ya mchikichi ni Afrika, Magharibi na Kati, hapo hamna ubishi. Ila kule Asia uzao unarudi kwenye miche minne ambayo Waholanzi waliipanda bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, ikaenda Sumatra, ikafika Malaya, ndo Malaysia ya zamani, na shamba la kwanza la biashara likaanza Selangor mwaka 1917. Lile chikichi la ganda jembamba na nyama nyingi, tenera, siri ya kulipata kwa kuchanganya aina mbili, dura lenye ganda nene na pisifera lisilo na ganda, iliwekwa wazi na watafiti wa Kibelgiji kituo cha Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Na mwaka 1981 Wamalaysia wakaleta kidudu kutoka Kameruni cha kuchavusha maua, kabla ya hapo walikuwa wanahangaika kuchavusha kwa mikono. Kwa hiyo mti wa Afrika, maarifa yamefumbuliwa Afrika, na mdudu wa Afrika. Hayo yote yalikuwa jirani na sisi, Yangambi na Kigoma ni majirani ukilinganisha na Jengka. Toka hapo nikaacha kuuliza nani alichukua mbegu, nikaanza kuuliza hawa watu waliopewa huu mti waliishi vipi nao.

Wenyeji wangu nitawaita Pak Cik na Mak Cik, ndivyo unavyomwita mtu mzima wa umri wa wazazi, kama sisi tunavyosema baba mdogo na mama mdogo hata kama hamna undugu. Wao waliniita nak, mwanangu. Salamu yao ya kwanza mlangoni ilikuwa "apa khabar?" na mi nikajikuta najibu kwa Kiswahili, "nzuri", kabla sijakumbuka kusema khabar baik. Ndo Wamalay hao, unakaa nao unasikia riziki wao rezeki, maskini wao miskin, karatasi wao kertas, akili wao akal, unajisikia umeingia nyumba ya ndugu aliyehamia mbali zamani. Marehemu baba yake Mak Cik alikuwa anasoma na kuandika Kimalay kwa herufi za Kiarabu, wanaita Jawi, kama babu yangu Ujiji alivyokuwa anaandika barua za Kiswahili kwa herufi hizohizo. Wajukuu wake Mak Cik wanaisoma kwa shida. Mi barua za babu siwezi kabisa kuzisoma, zipo kwenye sanduku la shaba.

Pak Cik alihamia pale mwaka 1973, kijana, kaoa, mtoto mmoja, hana shamba, kwao Kelantan baba yake alikuwa analima mpunga wa watu. Kuna mamlaka inaitwa FELDA, ilianzishwa 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru wao, kazi yake wakati ule ilikuwa kufyeka msitu, kupanda mpira na michikichi, kujenga kijiji halafu kuwaleta watu wasio na ardhi. Pak Cik aliomba fomu, akafanyiwa usaili na mkewe, wakapita. Walikuta nyumba ya mbao, kiwanja kidogo cha bustani, na sehemu yao ya shamba ekari 10. Sio bure, ulikuwa mkopo, kila mwezi wanakatwa kwenye mavuno kwa miaka kama 15 hivi, wakimaliza wanapata hati. Asubuhi wanahesabiwa kama jeshi, kundi la watu linafanya kazi pamoja kwenye eneo moja, asiyetokea anaonywa. Kiwanda cha kukamua kipo hukohuko mashambani, maana chikichi likishakatwa halina subira, likipita siku moja mafuta yanaanza kuchacha na bei inashuka.

Hapo ndo nilipopata kitu cha kunikaa kifuani. Mwaka 1972 babu yangu mzaa mama na yeye alihamishwa. Operesheni Kigoma, ile ya vijiji vya ujamaa. Lori lilikuja, vitu vikapakiwa, watu wakashushwa kwenye kijiji kipya barabarani, nyumba hamna, shamba lenye michikichi yake ya zamani lipo huko nyuma kwa miguu saa tatu. Mama alikuwa mtoto, anakumbuka mvua na vyombo. Kwa hiyo hawa wazee wawili, mmoja Pahang mmoja Kigoma, serikali zao ziliwatoa walipokuwa zikawapeleka kijiji cha kupangwa, karibu mwaka uleule, na kote kuwili mnaambiwa fanyeni kazi kwa pamoja. Mmoja aliomba mwenyewe, akakuta paa, barabara, kiwanda na ahadi ya hati yenye jina lake, na ahadi ikatimizwa. Mwingine hakuulizwa, na michikichi yake ikaota majani. Sisemi haya kumlaumu mtu aliyekufa, nasema kwa sababu watu wanapolinganisha Tanzania na Malaysia wanarukia kwenye akili, oh wenzetu wana akili, wenzetu wachapakazi. Pak Cik mwenyewe aliniambia miaka ya kwanza alitaka kukimbia, wenzake wengine walikimbia kweli.

Lazima niseme na kwa nini serikali yao ilihangaika kiasi hicho na Wamalay, maana sio kila Mmalaysia ni Mmalay. Waingereza walipokuwa wanatawala, migodi ya bati na biashara za mjini ilijaa Wachina, mashamba ya mpira yakaletewa Watamil kutoka India, na Mmalay akaachwa kijijini na mpunga wake na samaki wake, wakitunga mpaka sheria za kulinda ardhi ya Wamalay kama ile ya 1913 ambayo ilimlinda na kumbakiza hukohuko. Uhuru ukaja 1957, Wamalay ndo wengi, ndo wenye siasa, ila mfukoni hamna kitu. Tarehe 13 Mei 1969, siku chache baada ya uchaguzi, Kuala Lumpur ikawaka, watu wakauana kwa makabila. Mwaka 1971 ikaja Sera Mpya ya Uchumi. Wakati huo karibu nusu ya kaya za Rasi ya Malaysia zilikuwa maskini, na mali ya makampuni iliyo mikononi mwa Wamalay na wenyeji wengine ilikuwa asilimia 2.4. Wakaweka lengo la asilimia 30 ifikapo 1990. Hawakufika, waliishia kama 19, lakini umaskini ulianguka chini ya asilimia 20, na hilo ndo ninaloliona kubwa. Vijana wa Kimalay walimiminwa vyuoni, ndani na nje, kwa maelfu. Upande wa pili, wenye kujuana na wanasiasa walikula kuliko waliokusudiwa, na maskini wa Kitamil wa kwenye mashamba ya mpira walibaki wanaangalia tu, nao ni maskini vilevile ila sio wa kabila linalotajwa. Nimekaa na wanafunzi wenzangu wa Kihindi wakaniambia hili na machozi yanawalenga. Siwezi kusifia sera nikaruka hapo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa uchumi, Ungku Aziz, huyu namheshimu sana. Alikuwa anapima umaskini wa vijijini kwa saruni. Anaingia kwenye kaya anahesabu saruni ngapi, watu wangapi, anagawanya. Basi. Maana saruni kwa Mmalay ni kama kanga na kikoi kwetu, unavaa, unalalia, unajifunikia, unabebea mtoto, unaswalia, ukiwa na shida ndo cha mwisho kuuza, na ukipata hela ndo cha kwanza kuongeza. Mi nikisoma hapo nilimkumbuka bibi akihesabu kanga zake. Huyohuyo mzee mwaka 1959 ndo alipendekeza mfuko wa kuweka akiba ya hija, maana wanakijiji walikuwa wanauza shamba na ng'ombe ili waende Makka, wakirudi ni mahaji wasio na kitu, na benki hawagusi kwa kuogopa riba. Mfuko ukaanza 1963, leo unaitwa Tabung Haji, mamilioni ya watu wanaweka humo, mtoto anazaliwa anafunguliwa akaunti, na hela inazungushwa kwenye mashamba na majengo kwa njia za halali. Mak Cik alikwenda hija bila kuuza hata kuku. Niliposikia hivyo nikawaza wazee wangapi wa pwani na wa Ujiji waliouza kiwanja.

Sasa mdogo wake Mak Cik. Huyu ndo alinifanya nisilale. Yeye hakwenda shamba, mwaka ambao serikali ilifungua maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kama pale Bayan Lepas, Penang, 1972, kampuni za elektroniki zikaanza kutafuta mabinti wa vijijini, na yeye akaondoka nyumbani na begi moja, miaka 18. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele, macho kwenye hadubini saa nane kwa siku, zamu ya usiku wiki mbili, zamu ya mchana wiki mbili. Mshahara alituma nyumbani, ukasomesha wadogo zake watatu. Na mtaani waliwaita Minah Karan. Minah ni jina tu la kike la kijijini, karan ni umeme, yaani akina Mwajuma wa umeme, na walikuwa wanalitamka kwa dharau, kwamba hawa ni mabinti wasio na wazazi wa kuwaangalia, wanavaa suruali, wanatoka usiku. Wanakula hela yao na wanawatukana.

Halafu mashetani yakaanza kupanda kiwandani. Alinisimulia akiwa anamenya vitunguu, sauti ya kawaida kabisa. Binti mmoja anainua kichwa kwenye hadubini anapiga kelele, kaona kitu cheusi kimesimama ndani ya lensi, anakamatwa anatupa watu, wa pembeni naye anaanza, mara mstari mzima unalia, mashine zinazimwa. Mabosi wa kizungu na wa Kijapani hawaelewi. Wazee wa Kimalay wakasema kiwanda kimejengwa kwenye ardhi yenye wenyewe, haijaombwa ruhusa, ikabidi bomoh, mganga, aletwe, mbuzi akachinjwa uani kwa kiwanda cha vipuri vya kompyuta, na watu wakala. Baada ya muda yanarudi. Nilimuuliza yeye aliwahi kupanda? Akasema mara moja, na kwamba siku ile ndo alipumzika. Jamani. Mi nimesoma sekondari ya bweni ya wasichana, nimeona wenzangu wakianguka darasani mmoja baada ya mwingine, mashehe na wachungaji wanaitwa, walimu wanasema ni kujifanyisha. Sikuwahi kusikia mtu akilisema vizuri hivyo. Mwili umechoka, mdomo hauruhusiwi kusema nimechoka.

Picha zake za wakati ule anazo. Kebaya, blauzi yao, ya kubana, kitambaa kimetupiwa begani, nywele zinaonekana. Picha za mwaka 1985 kafunga tudung, ushungi wao, mpaka chini, na ni yuleyule. Miaka ya sabini vijana wa vyuo waliotoka vijijini wakafika mjini wakajikuta wageni kwenye nchi yao, wakaishika dini kwa nguvu, chama chao cha vijana wa Kiislamu, ABIM, kilianza 1971, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Anwar Ibrahim ambaye amekuja kuwa waziri mkuu 2022. Mwaka 1983 ikaanzishwa benki ya Kiislamu ya kwanza nchini, mwaka huohuo chuo kikuu cha kimataifa cha Kiislamu. Watu wa nje wanadhani Mmalay amekuwa vile toka zamani, wakati utajiri na ushungi vimekua pamoja, kizazi kimoja. Mdogo wake Mak Cik anasema alivaa kwa sababu alitaka, na pia matusi ya Minah Karan yaliisha siku hiyo. Vyote viwili ni kweli, nimemuamini.

Ile Idi niliyokwenda ilifuatiwa na harusi ya jirani, na huko jikoni ndo nilikaa zaidi. Kuna kitu wanaita rewang. Siku mbili kabla ya harusi kijiji kizima kinakuja, wanawake wanakaa chini wamezunguka milima ya vitunguu na bizari, wanaume wako nje na masufuria makubwa wanageuza rendang, nyama ya mchuzi wa nazi, kwa mwiko mrefu kama kasia. Nazi ya mchuzi zamani ilikunwa pale pale. Mak Cik akanitolea mbuzi yake ya nazi kutoka chini ya kabati, ya mbao, wao wanaiita kukuran na kitendo ni kukur, mi nikasema sisi kukuna, akacheka akawaita majirani waje wasikie. Nilikaa nikakuna nazi tatu, wamama wakanizunguka wananiangalia mikono. Ila nazi zenyewe zilizotumika siku ile zilikuwa tui la boksi la dukani. Na rewang yenyewe ilikuwa ya wamama kumi na tano wa umri mmoja, kila mmoja ana dawa ya magoti, binti zao wamekuja asubuhi ya harusi na magari, wamependeza, wanapiga picha. Majirani wa nyumba ya tatu binti yao akiolewa wameshaweka oda ya katering, hema, feni za mvuke na wapakuaji wenye sare.

Nilimuuliza Mak Cik si nafuu sasa, mnapumzika? Akasema, "Dulu susah, tapi ramai." Zamani shida, lakini watu tulikuwa wengi. Halafu akaendelea kupepeta dagaa.

Mchango wanatoa bado, ukitoka unampa mama mwenye nyumba mkono na noti imekunjwa kiganjani, wanaita salam kaut, mkono unaingia mkono unatoka hamna anayeona kiasi. Mi nimetoka nchi ya kamati ya harusi, kadi ya shilingi ngapi single ngapi double na mwenyekiti anakupigia simu kukudai, nikaona heshima kubwa sana kwenye ile noti iliyofichwa.

Na shamba? Pak Cik ana watoto sita, mwalimu, nesi, mhasibu, injinia, sijui nini na nini, hamna hata mmoja anayejua kushika mundu wa mti mrefu. Wanaovuna ni vijana kutoka Indonesia na Bangladesh, wanakaa kwenye mabanda nyuma ya kiwanda. Nilimwona mmoja akisukuma toroli la vikonyo, kikonyo kimoja kilo ishirini, mvua inanyesha, hakuinua macho. Zile ekari 10 sheria ilikataza kukatwakatwa, kwa hiyo watoto hawawezi kugawana kama mirathi ya kawaida, na kwa miaka mingi jina kwenye karatasi lilikuwa la mume peke yake, mwanamke aliyefyeka na kupanda naye akipewa talaka anatoka na nguo. Na hiyo ni nchi ambayo Negeri Sembilan, mkoa wa jirani tu, Wamalay wa adat perpatih ardhi inapita kwa mama kwenda kwa binti, kama Waluguru wetu. Mwaka 2012 kampuni ya FELDA iliingizwa soko la hisa, watu wa mashambani wakashangilia, hisa iliyouzwa kwa ringgit 4 na ushee ikaja kuwa chini ya ringgit 1 mwaka 2018.

Nilirudi Jengka mara ya pili 2017, nakaribia kumaliza chuo. Safari hii mama alikuwa amenitumia lita moja ya mawese kupitia mtu aliyekuja kusoma, kayafunga mifuko minne na selotepu. Nikampelekea Mak Cik. Akaifungua, akanusa, akarudi nyuma kidogo, akanusa tena. Rangi ile nyekundu ikamshangaza. Miaka arobaini na zaidi anaishi na michikichi lakini mafuta anayopikia ni yale meupe ya kwenye chupa, yaliyosafishwa mpaka hayana harufu wala rangi, hajawahi kuyaona yakiwa hivi. Migebuka haikuwepo, nikakaanga dagaa wao na pilipili na nyanya ndani ya mawese, nikapika na wali. Pak Cik alikula kimya, akaongeza.

Mak Cik akaniuliza haya mafuta ni ya mti gani, nak.

Nikamwonyesha dirishani.

Aliangalia nje, akaangalia sahani. Akachukua chupa akaifunga kwa ile mifuko minne ya mama, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kabati alipoweka mbuzi ya nazi.